Mchezo Tuliomnyima Mzee wa Stesheni

Habari za kifo cha karani mstaafu wa reli hapa Voi nilizipata sokoni, na wiki iliyopita tukampeleka kwao Mbololo tukamzika. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana kwenye bodi ya sataranji, mchezo ambao yeye ndiye aliyetuletea katika ukumbi wa stesheni, akawafundisha walimu, makarani na wenye maduka bila kuchoshwa na ujinga wetu.

Yako mashindano ya miaka ya tisini ambayo sisi tuliokuwepo hatupendi kuyataja. Mzee na mwalimu kijana kutoka Bura walimaliza wakiwa na pointi sawa, na wao wenyewe walipokutana walikuwa wametoka sare. Mzee akapendekeza njia ya haki: warudiane hapo hapo, kila mtu akiona. Lakini wakwe zake walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Aibu gani hiyo, mzee wa watu apigwe na kijana mbele ya wakwe! Mwenyekiti wa mashindano akainuka. "Mwalimu, wewe bado kijana, kombe utachukua siku ingine. Hii tumpatie mzee." Ukumbi mzima tukapiga makofi, tukajiona watu wenye adabu kweli kweli.

"Kwani nimewaambia naogopa?" mzee akauliza. "Leteni bodi." Tukacheka, tukidhani ni unyenyekevu, tukamtia kombe mikononi. Akalitua mezani, akachukua kofia yake, akatoka. Baadaye mwalimu alimfuata nyumbani na kete zake, akamsihi wacheze wawili tu. Mzee alimkaribisha chai lakini mchezo akakataa. "Nikikushinda hapa, mwanangu, wale watasema umeniachia." Hakukanyaga tena ukumbini, na sisi tukasema mzee ana kiburi.

Ofisini tunafanya vivyo hivyo: mtu akizeeka tunampa kiti kizuri na kazi tunampokonya, kisha tunamwamkia kwa sauti kubwa. Pale makaburini mwalimu, ambaye sasa naye ana mvi, aliombwa aseme machache. "Mimi sijui kama ningemweza," alisema. "Na yeye amekwenda bila kujua." Mwenyekiti wetu wa zamani alikuwa kando yangu. Hatukutazamana.

Nimeona haya tangu siku hiyo, na bado naona haya ninapoandika. Mtu akishakaa kwenye bodi, heshima anayoidai ni moja: aachwe acheze, hata kama atashindwa.