Pango Lililomsemesha Kaka

Mwaka huu, katika likizo kubwa, mama yangu alipanda boti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ungemjua mama ungeelewa kwa nini naanzia hapo. Alizaliwa Uvira, akaolewa Bujumbura, akaishi miaka yake yote akiliona ziwa Tanganyika mara kutoka upande huu, mara kutoka upande ule, na hakuwahi kuliingia hata kufika magotini. Alikuwa akisema maji hayana rafiki. Siku zile za biashara ya vitenge, wenzake wakivuka kwa boti, yeye alipita barabarani na mizigo yake, hata kama barabara ilikuwa tope tupu na alijua atafika sokoni wengine wameshauza.

Tulikuwa tumeshuka kusini, upande wa Rumonge, kwa ajili ya kuganduka, ile siku ya kumaliza matanga, ya shangazi yetu. Watu walikula, wakanywa, wakamsema marehemu kwa wema. Asubuhi yake, kwa jamaa waliotulaza, nilikuwa nafunga mizigo turudi mjini, mama akaja mlangoni akiwa amevaa viatu tayari.

"Nipeleke kule," akasema.

"Wapi, mama?"

"Kule shangazi yako alipeleka kaka yako."

Nikamtafuta kijana mmoja mwenye boti ya injini, wa wale wanaotembeza wageni wa vakansi, wanaokuja likizo. Akamvisha mama koti la kuelea, rangi ya machungwa, likampwaya mabegani. "Mukamate hapa, mama. Musiogope." Mama akashika ubao kwa mikono miwili, akafumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Tukafuata ufuko wa miamba. Mimi ndiye niliyepaswa kuonyesha njia, lakini kadiri tulivyokwenda sikutambua kitu. Mwisho nikamwuliza yule kijana mapango yako wapi.

"Mapango?" Akanitazama kwa huruma. "Dada, ni siku mingi haujakuya huku. Maji ilipanda. Mapango yote iko chini."

Akageuza boti, akalinganisha mlima na mwamba, akasimama mahali. "Ile kubwa ilikuwa hapa." Palikuwa na jabali limesimama wima, linazama moja kwa moja katika maji ya kijani. Mama akafumbua macho.

"Hapa?"

"Hapa, mama."

Akaomba injini izimwe. Ikazimwa. Alikaa ameinamisha kichwa, sikio moja kuelekea jabali, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani kupitia ukutani. Hapakuwa na kitu ila maji kugonga ubao. Halafu akasema, "Basi. Turudi."

Ngoja sasa nikueleze alikwenda kutafuta nini.

Tulikulia Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, mimi na kaka yangu, katika nyumba ambayo ukikohoa jirani anakupa pole. Kulikuwa na duka la sukari na sabuni mbele yetu, fundi wa redio kushoto, na asubuhi hadi jioni kelele: redio zinazojaribiwa, wauza maziwa, watoto wa shule. Kaka hakusikia hata moja kati ya hizo. Homa ilimpiga alipokuwa ameanza kusema vizuri, homa ya shingo kukakamaa, na alipopona masikio yalikuwa yamekwenda nayo. Sauti ilibaki. Kwa muda aliendelea kusema maneno yake machache, lakini yalizidi kupinda, maana hakuwa na kitu cha kuyanyoosha. Watoto wa mtaa wakaanza kumwigiza. Kaka hakusikia kicheko, ila alikiona. Aliona meno. Siku moja akafunga mdomo, akaacha kusema kabisa, na mimi niliyemfuata kuzaliwa nilikua nikimjua hivyo, kijana mwenye macho makubwa na mdomo uliofungwa.

Nyumbani tulikuwa na lugha yetu ya mikono. Chakula kilikuwa hivi, shule hivi. Mama alikuwa vidole viwili juu ya shavu, kwa sababu ya alama aliyonayo pale. Kila jioni mama alimkalisha mbele yake, akauweka mkono wa kaka kwenye koo lake mwenyewe, akasema polepole, "Ma-ma. Ma-ma." Kaka alilisikiliza lile koo kwa kiganja, akatabasamu, halafu akaweka vidole viwili shavuni. Mama alicheka. Akitoka kwenda jikoni hakuwa anacheka tena.

Likizo kubwa tulipelekwa kwa shangazi, dada yake baba. Baba alikuwa mtumishi wa serikali huko juu milimani, tulimwona mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo maneno yote yalikuwa kati ya wanawake hao wawili. Mama alisema yale yale kila mwaka: "Huyu mutoto usimupeleke ku maji. Ukimwita hasikie. Atazama ukimwita." Shangazi alijibu, "Nimesikia." Mama alidhani ameahidiwa.

Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu toka ng'ambo. Aliuza ndagala, dagaa wa ziwani. Nyumba yake ilikuwa mita chache kutoka mchangani, na ukiamka unakuta mchanga mzima umegeuka fedha, ndagala zimeanikwa mpaka mwisho wa macho. Kazi yetu watoto ilikuwa kuzigeuza na kufukuza kunguru. Mimi nilisubiri nisikie mlio wao. Kaka hakusubiri, alitazama chini, na kivuli kikipita tu juu ya samaki, jiwe lilikuwa limeshatoka mkononi mwake. Shangazi alimlipa kwa samaki wa mukeke mzima, aliyeokwa hadi ngozi ikapasuka, na ubugari, ule ugali wa mihogo, na pilipili iliyotutoa machozi. Nikipita leo mahali panapokaangwa ndagala mbichi kwa mawese, miguu yangu husimama yenyewe.

Katika wiki ya mwezi mkubwa wavuvi wa ndagala hupumzisha taa zao, kwa kuwa samaki hawafuati taa mbingu ikiwa na mwanga. Wiki hiyo jirani wa shangazi alikuwa akisafisha boti yake na kutembeza watu wa mjini waliokuja kula samaki na kupiga picha. Aliwapeleka kwenye mapango. Kaka aliwaona wakiondoka na kurudi, siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu akamfuata shangazi kwenye mchanga, akaonyesha boti, akajionyesha mwenyewe. Hakuomba tena. Alisimama tu.

Shangazi akamtazama, akapangusa magamba mikononi. "Mutoto haifungwe kama mbuzi," akasema, akanishika mkono na mimi, tukapanda.

Ilikuwa asubuhi, kabla upepo wa kusini haujaamka. Ziwa lilikuwa limelala, na milima ya Congo haikuonekana kwa ule moshi wa kiangazi. Botini kulikuwa na bibi mmoja mwenye kofia pana, mume wake, na wanaume wawili waliokuwa wamebeba bia zao. Kaka alikaa mbele kabisa, shangazi akishika kiuno cha suruali yake kwa ngumi.

Mapango madogo yalitangulia, matundu tu ya kuingiza kichwa, yananuka popo. Halafu mwenye boti akazima injini, akachukua kafi, akatuambia tuiname. Tukapita chini ya mwamba, na tulipoinua vichwa tulikuwa ndani ya nyumba. Siwezi kuisema vinginevyo. Dari lilikuwa juu, mwanga uliingia kupitia majini, kwa hiyo ulitoka chini, ukacheza kwenye mawe kama moto wa kijani. Samaki wadogo wa mistari walitembea chini yetu juu ya mawe. Kulikuwa na ubaridi wa chungu cha maji. Wale wanaume wakaanza kupiga kelele majina yao, na pango likawarudishia, wakacheka kama watoto.

Kaka aliona midomo yao, akaona wanavyotazama juu kusubiri, hakuelewa wanasubiri nini. Nikaona uso wake unaanza kujifunga. Shangazi naye aliona. Akamwambia mwenye boti atusogeze ukutani, akachukua mkono wa kaka, akaulaza wazi juu ya jiwe. Kisha akaita yeye, kwa ile sauti yake ya ng'ambo, "Weeeee!"

Mimi nilikuwa karibu na kaka, niliona ikimfika. Mabega yalimruka. Akautazama mkono wake, akautazama ukuta. Akaweka na mkono wa pili. Shangazi akaita tena, na kaka akafungua mdomo.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito kuliko nilivyotazamia, ikaanza kama mtu anayeinua mzigo, ikakwama, ikatoka. "Maaa. Maaa-ma." Pango likaibeba, likaizungusha, likamrudishia kwenye viganja. Akavitoa haraka kama aliyeungua. Halafu akacheka, akavirudisha, akaita tena, safari hii kwa nguvu zake zote, kichwa nyuma, mishipa ya shingo imesimama. "Maaaa-ma!"

Mmoja wa wanaume wenye bia akacheka.

"Nyamaza weye," shangazi akamwambia bila kugeuka. "Mutoto anaongea."

Hakuna aliyecheka tena. Yule bibi alivua kofia yake akajifunika nayo uso. Mwenye boti alishikilia kafi lisiguse maji. Tulikaa mle hadi kaka alipochoka mwenyewe, na tulipotoka juani sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuita.

Tuliporudi Nyakabiga tulimweleza mama. Kwanza alimgombeza shangazi, boti, ziwa, na mimi. Halafu akakaa chini. "Alisema nini?" Nikamwambia. "Alisema tena?" Nikamwambia tena. Akamwita kaka, akajiweka mbele yake, akachukua kiganja chake, akakilaza kwenye koo lake. "Ma-ma," akasema, machozi yakiingia mdomoni. "Sema, mwana wangu. Sema tu moja."

Kaka alimtazama kwa mapenzi makubwa. Akafungua mdomo kidogo. Nje, mbele ya duka, watoto walikuwa wakicheza, na mlango ulikuwa wazi. Akaufunga mdomo, akaweka vidole viwili shavuni.

Hakusema tena. Shangazi alimwambia mama kila mwaka, "Kuya basi, tuende wote, atakuita kule." Mama alijibu mwaka ujao. Aliogopa maji, ndiyo, lakini nadhani aliogopa pia kufika na kukuta kimya. Mwaka ujao ukawa miaka mingi, kaka akawa kijana, akaacha kwenda kwa shangazi likizo.

Akajifunza useremala Cibitoke. Alikuwa seremala mzuri, fundi wake alimpenda kwa kuwa hakupoteza muda kwa maneno. Alitengeneza kitanda ambacho mama analalia hadi leo. Viti alivifunga nyuma ya baiskeli, akavipeleka mwenyewe kwa wenyewe. Alikuwa akipeleka viti Buterere, kwenye ile barabara nyembamba kati ya mashamba ya mpunga, siku lori lilipomjia kwa nyuma.

Watu wote waliokuwepo walisema dereva alipiga honi. Walikuja hadi nyumbani kusema. Alipiga honi, mama, alipiga sana, tulisikia toka mbali. Walitaka kumwambia kwamba hapakuwa na ubaya moyoni mwa mtu. Mama aliwashukuru mmoja mmoja, akawapa viti wakae. Walipoondoka ndipo nilipomsikia, na sauti hiyo sitaiandika.

Ndiyo sababu mwaka huu alivaa lile koti la machungwa. Shangazi ameshakwenda. Nyumba yake nayo haipo, ziwa limeichukua. Ukisimama barabarani unaona vichwa vya michikichi vimetoka majini, imekauka, na mchanga wa ndagala sasa ni mahali watoto wanapooga. Watu wa kule wanasema maji yatarudi chini, yaliwahi kupanda zamani yakarudi. Labda. Mama hana muda wa kuyasubiri. Sijui yule mume na bibi yake wako wapi, wala wale wanaume, wala mwenye boti kama bado anaishi. Kati ya ninaowajua waliokuwa mle ndani, nimebaki peke yangu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa uani Nyakabiga, mama anachambua maharage, mimi naosha vyombo vya mchana. Hakuinua macho.

"Wewe ulimusikia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa namna gani? Fanya, nami nisikie."

Mikono yangu ilikuwa na povu. Nilitaka kumwambia haiwezekani, lakini alikuwa ameacha maharage, ameinua uso, anasubiri. Nikajaribu. Nikaishusha sauti, nikaianza kwa uzito ule, nikaikwamisha, nikaiachia. Nilijua kabla haijaisha kwamba siyo. Miaka yote hiyo nilidhani ninayo, kumbe nilichokuwa nacho ni maneno ya kuieleza.

Mama aliendelea kunitazama baada ya sauti kwisha.

"Apana," akasema taratibu. "Iyo ni yako."

Akasogeza ungo pembeni, akasogea karibu nami.

"Fanya tena," akasema.