Mpelelezi wa Mkungu wa Ndizi

Mwaka juzi nilinunua furushi la majarida ya zamani ya katuni kwa muuza mitumba wa Kayanga, nikayasoma kama mtoto, mimi mama mzima mwenye cherehani na wateja wanaosubiri nguo zao. Kila jarida lilikuwa na hadithi tano sita za wachoraji tofauti. Za mbele zilikuwa za wapelelezi. Mmoja alivaa koti hata juani na kuwanasa majambazi kwa kuangalia vumbi la viatu. Za nyuma zilikuwa vichekesho, na humo kulikuwa na bwana mwenye kitambi aliyekamata kila siku mtu asiye na kosa. Huyo nilimcheka hadi wanangu wakaja kuuliza kuna nini. Mimi nilijiona yule wa koti.

Jumamosi moja nilitoka Bugene kwa bodaboda kwenda Chonyonyo kumwona mama yangu, ambaye miguu imemchosha na siku hizi havuki uwanja wa nyumba. Nilipopita kibanjani, kwenye migomba yetu, nikakuta mkungu niliokuwa nimeutolea macho haupo. Mgomba ulikuwa umekatwa, na shina lake limekatwakatwa na kutandazwa vizuri kuzunguka machipukizi. Mwizi wa ndizi hana muda wa kutandaza chochote. Anakata, anakimbia, anaacha mgomba umelala. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu na sikuliona, kwa kuwa nilikuwa nimeinama kuchunguza kisiki. Mkato ulielekea kushoto. Katika mojawapo ya hadithi zangu, mwizi wa duka alinaswa kwa sababu kamba ilikatwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto. Hapo kwetu nilimjua mmoja tu wa namna hiyo: jirani yetu, mjane wa makamo anayemchotea mama maji na kumpikia ninapokuwa mjini.

Mama alikuwa ndani, hatua chache tu. Sikumuuliza. Mpelelezi hasemi kitu mpaka amnase mtu wake, na kusema kweli nilitamani sana kunasa.

Kesho yake baada ya ibada, mazao ya sadaka yalinadiwa nje ya kanisa kama kawaida: maharage, kuku, kahawa, ndizi. Ukatolewa mkungu mkubwa wenye kovu jeusi ubavuni, pale ulipokuwa ukisuguliwa na mti wa kuutegemeza niliousimika kwa mikono yangu. Jirani alikuwa amesimama karibu nao. Nikainua mkono, watu wakadhani nataja bei. Nikasema mkungu huo umetoka kibanjani kwetu, na aliyeuleta ameuiba akaona amhonge nao Mungu.

Baadhi walicheka, maana maneno yale nilikuwa nimeyapanga yachekeshe. Wengine wakamgeukia yeye.

"Ni sadaka ya mama yako, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Amenituma kwa sababu ya miguu."

Katuni zangu zilikuwa zimenifundisha kwamba mwizi hakosi jibu. Nikamwambia haya, Mungu atamjua mwenye mkungu. Akajitanda khanga yake, akaondoka mnada haujaisha.

Nilipofika nyumbani, kabla sijakaa, mama akaniuliza mkungu wake wa sadaka umenunuliwa na nani. Kila nilichogundua kilikuwa kweli: kibanja, kovu, mkono wa kushoto. Wizi tu ndio niliouchora mwenyewe. Nilipomweleza mama, hakunifokea. Aliniambia niende sasa hivi, hata chakula nisile.

Nilikwenda. Nikapiga magoti jikoni kwa jirani, nikamwamkia shikamoo, nikasema nimekosa. Akaitikia marahaba, akasema yameisha, akaendelea kuchambua maharage. Nikatoka nimeshusha pumzi, na hilo linanitia aibu kuliko yote. Tusi nililitoa mbele ya usharika mzima, msamaha nikauomba jikoni, tukiwa wawili. Jumapili nyingi zimepita tangu siku ile. Yanapofika matangazo huulizwa kama kuna mwenye neno, nami huinamia kitabu cha nyimbo. Nasikia wapo wanaoangalia mara mbili mazao anayoleta jirani.

Mama hajakosa chakula hata siku moja. Jirani huyo huyo ndiye anayempikia, na mimi nikiwapo hunisalimia vizuri, huniuliza habari za watoto. Miaka yote alikuwa akiingia kibanjani kwetu na kukata majani ya kufunikia chungu bila kumwuliza mtu, kama kwake. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua, nikamwona amesimama mpakani, hajavuka. Chungu cha mama kilikuwa tayari mekoni. Alisubiri mpaka nilipogeuka.

"Mwanangu," akasema, "naomba jani moja."