Simu Haijui Iko Nchi Gani

Siku hizi ukifungua redio asubuhi, kabla hujamaliza chai umeshaambiwa kwamba akili mnemba inakuja kuchukua kazi za watu: wa kuandika, wa kuhesabu, wa kuendesha magari, hata wa kutibu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo sina akili nyingi ya kunyang'anywa. Lakini habari nazisikiliza. Watu wa kwetu Iyula wanajua kwamba ikifika saa moja asubuhi, saa ya taarifa ya habari, hata ng'ombe akiingia kwenye mahindi yangu atakula kwa amani mpaka msomaji aage.

Na mashine hizi nina neno nazo. Si neno la chuki. Nilipokuwa kijana niliiacha kahawa ya baba nikateremka Tunduma kubeba mizigo kwa baiskeli, kuvusha mpaka kwenda Nakonde. Tulikuwa wengi, vifua vipana, kelele nyingi. Zilipoingia bajaji tukaambiwa tumekwisha. Hatukuisha. Wenzangu kadhaa wakanunua bajaji, mmoja akawa mchungaji, mimi nikarudi kwenye kahawa na mke. Ndiyo maana mtu akinitisha na mashine namwambia asubiri kwanza aione ikifanya kazi mpakani. Mpaka una mambo yake.

Mojawapo ni saa. Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima. Unasimama Tunduma ni saa tatu, unavuka barabara, upande wa Nakonde ni saa mbili. Lugha ni zilezile, shangazi ni walewale, hata mbuzi wanavuka bila kuulizwa, ila saa imebadilika. Kwa hiyo mtu wa Tunduma ukimwuliza saa ngapi, naye anakuuliza, "Ya kwetu au ya kwao?" Wakati wetu wa baiskeli hilo lilikuwa jambo dogo. Saa ya mkononi ilikuwa haibadiliki yenyewe. Ulikuwa unaongeza au unapunguza kichwani, basi.

Kwa maoni yangu wakubwa wa nchi hizi mbili, ambao hukutana kila mara kuzungumza biashara na kupigwa picha wakishikana mikono, wangekaa mara moja waziunganishe saa. Niliwahi kumwambia hivyo mgombea mmoja aliyekuja kutuomba kura. Akasema ni wazo zuri, atalifikisha. Nadhani bado yuko njiani nalo.

Lakini niliyotaka kuyasema ni ya mke wangu na jicho lake.

Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu. Ukichanganya na mbichi, mtamboni wanakokoboa wanakumwagia mbele za watu uchambue upya, na ile aibu inakufuata mpaka kanisani. Mke wangu hakuwahi kumwagiwa, tangu anaolewa. Sasa msimu mmoja tukamwagiwa. Nikawalaumu vibarua, nikasema maneno mengi. Siku iliyofuata nikamwona yeye mwenyewe anachuma, anaweka kwenye ndoo tunda la kijani kibichi.

"Hiyo nayo imeiva?" nikamwuliza.

Akaisogeza karibu na uso kama mtu anayenusa. "Si nyekundu hii?"

Nilimpokea ndoo tu.

Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa zamani. Alitiwa dawa ya kienyeji na mtu wa ukoo, nami sitasema wa upande gani. La kulia ndilo lilikuwa limebaki kutuangalizia nyumba, na sasa nalo lilikuwa limeingia ukungu. Baada ya muda akawa anapapasa ukuta kwenda jikoni. Akashika chungu cha moto kwa mkono mtupu. Akaacha kwenda kwenye kwaya, akasema sauti imezeeka. Sauti haikuwa imezeeka. Alikuwa anaogopa ngazi za kanisa.

Ndipo tukasikia, redioni pia, kwamba madaktari wa macho kutoka mbali watakuja hospitali ya Tunduma kwa siku chache. Tukaenda. Wakampima, wakasema la kushoto tusahau, la kulia ni mtoto wa jicho, linatibika, lakini lisiachwe. Akapangiwa kupasuliwa kesho yake, ambayo ilikuwa siku yao ya mwisho. Nesi alitueleza vizuri, mwanamke mnene wa sauti tulivu: "Babu, bibi awe hapa saa moja kamili asubuhi. Tunaita majina. Asiyekuwepo nafasi yake anapewa mwingine, maana walio nje ni wengi, na hawa hatujui watarudi lini."

Nikamwambia asinifundishe saa, nimeishi mjini hapa kabla yake. Akacheka.

Tulilala kwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwenye nyumba pale chini kabisa ambapo Tunduma inaishia. Ukitupa maganda ya muhogo kwa nguvu yanaangukia Zambia. Mimi nina simu janja, binti yetu alininunulia, na ina laini mbili: moja ya kwetu, moja ya Zambia, kwa sababu kaka wa mke wangu anaishi Nakonde na ni mtu wa kupenda maongezi. Kule Iyula laini ya Zambia imelala tu, haina mnara. Nikategesha simu iniamshe saa kumi na moja, nikalala usingizi wa mtu aliyejipanga.

Simu ikaniamsha. Tukanawa, tukanywa uji, mke wangu akavaa kitenge chake cha sikukuu. Nje niliona kweupe, nikasema moyoni, mjini kunapambazuka mapema. Ndivyo nilivyosema, mtu mzima mimi. Tulipotoka, simu ilionyesha kumi na mbili kasorobo. Nikachukua bajaji ya mtu mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Twende taratibu," nikamwambia. "Mama haoni vizuri, na tunatakiwa hospitali saa moja. Tuna muda."

"Muda wa wapi, mzee wangu?" akasema, akaiongeza sauti ya redio yake.

Ulikuwa ule mlio. Mlio wa kuanzia taarifa ya habari ya saa moja, ninaoujua kuliko sauti ya mama yangu. Nikatazama simu. Simu ikasema ni kumi na mbili. Nikaitazama tena kama mtu anayemtazama mwanawe mwizi. Usiku, ile laini ya Zambia ilikuwa imeamka, ikaona mnara wa ndugu zake, na simu nzima ikahamia kwao bila kuaga.

Msomaji alikuwa anasema habari ya kwanza, na habari ya kwanza ilikuwa ya akili mnemba. Kwamba karibuni itajua mambo kuliko binadamu.

"Imefika saa moja," nikasema.

Mke wangu hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubana.

"Si ulisema saa unaijua?"

"Simu ndiyo imedanganya."

"Jogoo wa mdogo wangu amewika mpaka akakaukiwa. Nikakwambia. Ukasema jogoo wa mjini hawana adabu."

"Nilisema."

"Basi leo jogoo ndiye mwenye darasa la saba."

Yule wa bajaji akajitahidi asicheke, akashindwa. Lakini alikuwa mtu mwema, alikanyaga mafuta. Shida ni kwamba tulipofika barabara kuu, malori yalikuwa yamesimama mstari mmoja, pua kwenye mkia, yale ya kwenda Kongo, na katikati mawili yamekutana yanapishana kwa kuogopana. Tunduma ni hivyo. Dunia nzima inapita pale na haina pa kugeuzia. Tukakaa. Msomaji wa habari akaingia kwenye siasa, akaja kwenye bei ya mbolea, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikatamani anyamaze.

Mke wangu hakusema tena. Hapo ndipo nilipoogopa. Akinigombeza najua tuko salama. Aligeuza uso pembeni kama mtu anayetazama malori, na mimi nikijua haoni lori, anaona kitu kikubwa cheusi tu. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia nesi. Nikasema nitapiga magoti. Nikasema nitamwambia ukweli, kwamba asiadhibiwe mwanamke kwa simu ya mumewe.

"Kata ndani," nikamwambia yule wa bajaji, na akakata, akapita nyuma ya baa, kwenye uwanja wa watu wanaokaanga chipsi, karibu atupindue. Mke wangu akasema polepole, "Afadhali tufike vipande." Tulipofika getini, redio ilikuwa imeshamaliza habari zamani, inapiga kwaya.

Nilimkokota. Nilitegemea kukuta majina yameitwa na watu wameingia. Nikakuta uwanja umejaa, watu wamekaa kwenye mabenchi na kanga zao, kimya, na yule nesi amesimama mlangoni na mikono kiunoni.

Nikaanza yale maneno niliyoyapanga. "Mwanangu, usimwadhibu mama, kosa ni langu, simu yangu—"

"Babu, kaa."

"Sisi tulikuwa na jina—"

"Kaa, babu. Hatujaita mtu. Madaktari wenyewe hawajafika." Akashusha sauti. "Nimewapigia. Wanasema wanakunywa chai, kwamba bado mapema, niache wasiwasi."

"Wamelala wapi?"

"Gesti ya kule chini, mpakani."

Tukatazamana. Mimi na yeye, nadhani, tulielewa kwa wakati mmoja. Akafunika mdomo kwa kiganja, akaingia ndani kupiga simu tena, nasi tukaisikia sauti yake ile tulivu ikipanda: "Daktari, saa ya wapi hiyo?"

Uwanja mzima ukacheka. Kulikuwa na mzee wa Momba mwenye macho yote mawili meupe, alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Kumbe hata wenye macho." Baada ya muda madaktari wakaja wanakimbia, mmoja kamba za viatu zinaburuzika, anaomba radhi kushoto na kulia. Simu zao nazo zilihamia Zambia usiku, zote, pamoja na ya kiongozi wao. Sikuwacheka. Nilitamani kuwakumbatia. Mtu akichelewa pamoja nawe ni ndugu.

Wakaanza kuita. Mke wangu alipoitwa alisimama haraka kama mwanafunzi. Mkono wangu alipouacha ndipo nikahisi ulivyokuwa unauma. Alikuwa hajauachia tangu kwenye bajaji.

Sasa hapa niseme haki, maana nimeisema teknolojia vibaya. Kile walichomfanyia mle ndani sikielewi mpaka leo. Wanachoma sindano, mgonjwa yuko macho, wanatoa ule ukungu, wanaweka kijioo kidogo kuliko punje ya mchele. Alisema alisikia wanaongea habari za mpira. Muda wa mtu kuivisha maharage haukufika, akatoka na jicho limefungwa. Waliobuni hilo, popote walipo, wa dini yoyote, mimi nawaombea. Na ile hospitali nayo tulikuwa tumeahidiwa na wanasiasa mara nyingi mpaka tukaacha kuamini, kisha ikajengwa kweli. Nisipoisifu siku hiyo nitaisifu lini? Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mashine inajua. Mashine inafanya. Kujua ni kwa yule anayeuliza ya kwetu au ya kwao.

Nilipomweleza shemeji maoni yangu ya kuunganisha saa, akanitazama kama nimemtukana. Anauza nguo pande zote mbili. "Shemeji, wakiunganisha hizo saa, mimi nitakula nini? Kwetu wakifunga, kule bado nina saa nzima ya kuuza." Kwa hiyo hata hilo sina uhakika nalo tena. Ndiyo shida ya kuwa na maoni halafu una ndugu.

Kesho yake yule nesi wa hospitali alimfungua bandeji. Akamwinulia vidole, mke wangu akavitaja vyote, kisha akamwambia yule nesi kwamba ushonaji wa kola yake umekwenda upande. Nesi akasema bibi amepona.

Tukarudi Iyula. Muda wote wa ukungu nilikuwa napika mimi, kuosha mimi, na kwa kweli nilikuwa najisifia. Mke wangu hata mizigo hakuweka chini. Alisimama mlangoni mwa jiko akatazama ndani, muda mrefu, kama mtu aliyeibiwa. Akachukua sufuria, akaigeuza kwenye mwanga. Akachukua sahani, akapitisha kidole.

"Hii ndiyo ulikuwa unanipakulia?"

"Ndiyo hiyo."

"Na mimi nakushukuru kila siku."

"Ulikuwa unashukuru vizuri."

Akaniambia kwamba daktari amemkataza kuinama kwa wiki kadhaa, kwa hiyo atakaa kwenye kigoda na mimi nitasugua mbele yake, moja baada ya nyingine, mpaka atakaporidhika. Akanionyesha kwa kidole masizi nyuma ya mpini, mahali ambapo hata mimi, mwenye macho mawili, sikuwahi kupaona.

Nikaenda kuchota majivu.