Sauti ya Nne kwenye Pikapu

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika, na kelele za mashine zile ndizo zilizomharibia masikio. Soko la pamba lilipoachwa huru, wanunuzi binafsi wakamiminika Bariadi, ushirika uliyumba, kiwanda kikafungwa, naye akarudi nyumbani akiwa hasikii maneno vizuri. Ili anisikie ilibidi nipaaze sauti, na nyumba zetu zimebanana. Nilichomwambia baba, jirani alikisikia kwanza. Mama alipofariki, yalikuwepo mambo juu yake ambayo sikuweza kuyapigia kelele uani. Basi tukabaki kuamkiana tu. "Mwangaluka, baba," nasema nikimpungia mkono, naye anaitikia kwa kichwa. Dada zangu walikuwa wameolewa, mmoja Maswa, mwingine Kalemela. Chakula cha jioni tulikula sahani moja bila neno.

Nilikuwa naendesha pikapu ya mnunuzi mmoja wa pamba. Tajiri alitaka gari lake likiingia kijijini lijulikane, kwa hiyo aliagiza kutoka Mwanza amplifaya na spika kubwa ya besi, vikafungwa nyuma ya kiti. Aliyevifunga alikuwa na haraka zake. Ukiwasha muziki, ni mvumo mtupu: milango inatetemeka, vioo vinalia, mwimbaji humsikii.

"Itafutie dawa mwenyewe," tajiri aliniambia, "au uizime kabisa."

Jumapili moja baada ya misa niliegesha gari uani nikachukua bisibisi. Wenzangu wa rika walikuwa na wake zao. Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilizima injini, nikafungua milango, nikaichunguza amplifaya. Skrubu ya kupokea nguvu kutoka kwenye redio ilikuwa imezungushwa hadi mwisho. Ya kuongeza besi nayo ilikuwa mwisho. Nikazirudisha zote nyuma. Nyingine ilikuwa ya kuzuia sauti nyembamba zisiingie kwenye spika kubwa. Hiyo nikaishusha, ibakize nzito tupu, nyembamba zitokee spika ndogo za milangoni. Kisha nikaweka kaseti.

Ilikuwa kaseti ya kwaya ya kanisa letu, iliyorekodiwa zamani. Baba anaimba humo sauti ya nne, ile nzito ya chini, mama sauti ya kwanza, nyembamba ya juu. Baba aliacha kwaya masikio yalipozidi, maana alikuwa anawatoa wenzake kwenye tuni bila kujua.

Nikaanza kupandisha nguvu polepole. Sauti ikianza kupasuka narudisha nyuma kidogo, nasikiliza, najaribu tena. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na gari, anachonga mpini wa jembe. Mara akaacha kuchonga. Akasimama, akaja, akaweka kiganja juu ya mlango.

"Hapo hapo," alisema kwa sauti kubwa. "Usiguse tena."

Nikaitoa bisibisi.

"Hiyo ni sauti ya nne. Huyo ni mimi!"

Akaingia, akaketi kiti cha abiria, akafunga mlango. Alianza kuguna, halafu akaimba maneno yenyewe, na hakutoka kwenye tuni hata mara moja. Miaka mingi sikuwa nimemsikia akiimba. Nami nikaingia upande wa dereva, nikafunga vioo, na kwa mara ya kwanza jirani hakuwa kati yetu.

Wimbo ulipokaribia ubeti wa mama, baba alinyamaza, akaniangalia.

"Mama yako ameanza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sauti yake ilikuwa imepanda juu ya wenzake, safi, kana kwamba yuko jikoni.

"Mimi simsikii," akasema.

Nikashika kitufe cha redio cha sauti nyembamba, nikakipandisha hadi mwisho. Baba akatikisa kichwa. Nikaongeza sauti yote, mimi nikaumia masikio; akatikisa kichwa tena, kisha akaniondoa mkono kwenye redio.

"Acha. Wewe niambie tu anapoingia na anapotoka."

Basi nikamgusa bega mama alipoingia, nikaondoa mkono aliponyamaza. Baba alitazama mbele, ukutani, midomo ikicheza. Tulirudia wimbo ule hadi betri ikachoka. Nilimsikia mama peke yangu, na baba alikuwa ubavuni mwangu. Sijui kama nimewahi kuwa mpweke kuliko siku ile.

Tulifanya hivyo kila Jumapili msimu mzima. Pamba ilipokwisha, tajiri alilihamishia gari Meatu na dereva mwingine. Nilimweleza baba kwa ishara, kwamba limekwenda na halirudi. Alielewa. Jumapili iliyofuata alitoka kanisani mapema, akavua shati jeupe, akaenda kupalilia viazi nyuma ya nyumba. Nilimfuata, nikashika tuta la pili, na tulilima hadi jua likawa kali.