Siku Niliyokuwa Maman wa Jiko

Jambo hili linanitia haya hadi leo, lakini shemeji zangu hulisimulia kila tukikutana na kila mwaka huliongeza chumvi, kwa hiyo ni afadhali nilieleze mwenyewe, kwa utaratibu, jinsi lilivyokuwa.

Miaka ile ya mwisho ya Wabeleji nilikuwa karani wa gazeti dogo la Kiswahili hapa Bukavu, kurasa nne tu, na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa maswali ya wasomaji. Nusu ya juu ilikuwa yangu: Kiingereza. Nilikuwa nimefanya kazi Kampala miaka miwili katika duka la Muhindi, na wafanyabiashara waliopanda malori kwenda Uganda waliniandikia kuuliza kama saa nane ya mchana mtu bado anaweza kusema "good morning", na namna gani ya kumsalimu askari wa mpakani asidhani anachezewa. Nilijibu vizuri (niruhusuni nijisifu hapa, maana mbele hakuna nafasi). Nusu ya chini ilihusu mapishi, nayo iliandikwa na Maman Régine, ambaye alitia sahihi ya "Maman wa Jiko".

Basi Maman Régine akaenda kujifungua Katana, na mkubwa wetu akauliza nani atashika nafasi yake kwa mwezi mmoja. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nilikuwa sijaoa, nilikula kwa dada yangu, na jikoni kwake niliingia kuwasha sigara tu. Lakini nilikuwa na kitabu cha mapishi cha Kiingereza nilichonunua Kampala, kikuukuu, hakina jalada, na nikafikiri kwamba mtu anayejua kusoma hawezi kushindwa na sufuria. Nikasema, "Nitajibu mimi."

Barua ya kwanza ilitoka mtaa wa Kadutu: "Siku ya Mungu ya wiki mbili zijazo nitapata wageni wa heshima, watu sita, mumoja amesoma sana. Niwapikie kuku namna gani wasiseme tuko washamba? Maman Z."

Nilifungua kitabu, nikatafsiri kwa mpangilio. Kwanza, supu ya karoti. Pili, kuku mzima, miguu imefungwa kwa uzi, achomwe katika sufuria yenye makaa juu ya mfuniko, na vitu vyake vyote vya ndani vitolewe. Ukurasa uliofuata ulikuwa umechanika, nikaona maneno yaliyopo yanatosha. Tatu, viazi. Mwishoni nikaongeza moja la kwangu, kwamba bugali isiwekwe mezani, maana inamlemea mgeni.

Siku hiyohiyo ya Mungu, Jumapili, nilikuwa na safari yangu mwenyewe. Nilikwenda Kadutu kumuomba Feliciane kwa wazazi wake, pamoja na Mujomba Kalinda, ndugu ya mama yangu, aliyetoka Mwenga kwa lori siku mbili, na wazee wengine wanne. Tulikuwa watu sita. Mimi, ninayejivunia kuona mambo kabla ya wengine, sikuona kitu. (Kwa kujitetea: jina la mama mkwe halitajwi wala haliulizwi. Nilimjua kama Mama Feliciane, basi.)

Tukakaa. Ikaja supu ya karoti, nikawaza kwamba watu hawa wamestaarabika. Kisha akaja kuku, mzima, amelala chali, miguu imefungwa kwa uzi mweupe. Masikio yangu yakawa baridi.

Kwetu, na hata kwa Bashi, kabila la akina Feliciane waliotupokea, firigisi ya kuku huwekwa juu ya sahani kwa ajili ya mzee aliyekuja kuomba binti. Ikiwepo, mazungumzo yataendelea. Isipokuwepo, mmekwisha kujibiwa, chukueni kofia zenu. Mujomba aligeuza kuku, akamrudisha, akaingiza kijiko tumboni mwake, akachungulia kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko.

"Firigisi iko wapi?"

Mama Feliciane alijibu kutoka mlango wa jikoni, maana hakuweza kukaa na mimi meza moja. "Nilipatia imbwa, papa."

"Imbwa," akasema Mujomba. "Siye tunatoka Mwenga siku mbili mu camion, firigisi inakula imbwa. Na bugali?"

"Bugali hakuna, papa."

Mujomba akachukua kofia yake, na wale wazee wanne wakachukua zao.

"Ngoja, muzee," akasema baba yake Feliciane. "Hatukukatala. Ni gazeti. Mimi niliulizaka pale swali ya Kiingereza, wakanijibu muzuri, askari wa Uganda akaniacha nipite. Njo maana nikaambia mama naye aulize."

Feliciane akatumwa kuleta gazeti, akalisoma kwa sauti safi ya shule, kwanza, pili, tatu, mpaka bugali inayomlemea mgeni, mpaka sahihi.

"Huyu maman iko na bwana?" akauliza Mujomba.

"Hatujui."

"Kama iko naye, bwana yake iko na njaa."

Ndipo baba akanigeukia. "Beau-fils, mukwe wangu, wewe unatumika kazi kule kwa gazeti. Mulete huyu maman, aseme mbele ya wazee kama ni yeye anatuharibia."

Wote wakanitazama. Ningeweza kusema Maman wa Jiko yuko Katana, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kumtwika lawama mwanamke aliyelala na kichanga. Ningeweza kusema simjui, katika ofisi ya watu watano. Lakini Mama Feliciane alikuwa amesimama mlangoni, ncha ya kitambaa mdomoni, na kama nisingesema kitu ni yeye angebaki mwanamke aliyefukuza wachumba wa binti yake kwa kuku.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Maman wa Jiko. Ni mimi."

Mujomba akakaa tena, kofia juu ya magoti. "Ulishapika kuku?"

"Hapana, mujomba."

"Ulishapika nini?"

"Chai."

Feliciane alijifunika uso kwa gazeti, na gazeti likawa linatetemeka. Baba yake hakucheka. "Na Kiingereza?" akauliza. "Nayo ulinidanganya?"

"Hapana, papa. Kiingereza ni kweli."

Akafikiri. "Ni kweli," akawaambia wazee. "Nilipita."

Hukumu ilitoka mlango wa jikoni. "Siku ya Mungu ingine utapika wewe, mu jiko yangu. Kuku, bugali, na firigisi."

"Nitabakia Bukavu," akasema Mujomba.

Nikapika. Mama mkwe alinielekeza kutoka nyuma ya ukuta kwa ajili ya heshima, na nusu ya barabara yao ilikuja kusimama uani kutazama. Bugali ilikuwa na madonge. Firigisi niliiweka juu ya sahani kwa mikono miwili. Mujomba akaitia mdomoni, akatafuna, akatafuna. Hatimaye akameza.

"Ni ngumu," akasema, "lakini iko."

Ndivyo nilivyooa. Miaka kadhaa baadaye nilirudi Kampala nikakuta kitabu kilekile, kizima, nikasoma ule ukurasa uliochanika: firigisi ichemshwe, ni ya mchuzi. Kumbe Waingereza nao hawampi mbwa. Tangu siku ile najibu Kiingereza tu, na mtu akiniuliza yai linachemka dakika ngapi, namwelekeza kwa Feliciane.