Boza la Ukame Lilipofika Kwenye Mafuriko

Niliwahi kupeleka maji ya kunywa mahali ambapo nyumba zilikuwa zimezama kwenye maji.

Cheka tu. Hata mimi nilicheka nilipokabidhiwa karatasi ya safari, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Mimi ni dereva wa boza, lori la kubebea maji, katika mfuko wa serikali wa dharura, ule wa ukame na mafuriko. Kazi yetu ni kufika haraka, ndivyo ilivyoandikwa mlangoni.

Kijiji cha dada yangu kilikuwa kimeomba maji miezi saba kabla. Mvua ilikuwa imegoma, mbuzi wamekwisha. Barua aliiandika dada mwenyewe, maana ndiye katibu wa kamati ya maji.

Barua ikarudishwa kwa kukosa muhuri. Ikaletwa tena, ikalala ofisini kwetu, kwenye meza ya mtu aliyekuwa likizo. Niliiona kwa macho yangu.

Siku moja dada akanipigia. Akaniuliza kama anaweza kuja kwangu na watoto wake wawili hadi hali itengemae.

Nimepanga vyumba viwili na nina watoto wanne. Sikumkatalia, nilikwepa kiaina.

"Vumilia kidogo, dada. Maji yenu yanakaribia kupitishwa, nitayaleta mwenyewe."

"Sawa, mdogo wangu," akasema. Akataka kujua nitashushia wapi.

Nikamjibu kidereva. Boza likijaa halipandi kile kilima chenu, nitaishia chini, kule korongoni.

Wiki sita baadaye mvua kubwa ikanyesha milimani. Redio ikatangaza kwamba mto umefurika. Simu ya dada ikawa haipatikani, nami nikajipa moyo kwamba ni mnara tu umeanguka.

Nikamwendea bosi kuomba mashua, maturubai, chochote kile. Si mtu mbaya. Alivua miwani, akasema kijiji kile hakijaomba fedha za mafuriko, na hata wakiomba leo, ombi lina njia zake.

"Ila la ukame limesainiwa jana," akasema kwa aibu. "Ukitaka gari la kufika kule, peleka maji."

Nikajaza lita elfu kumi, nikaondoka asubuhi ileile.

Njiani watu walisoma "Msaada wa Ukame" ubavuni mwa gari wakatikisa vichwa. Askari kwenye kizuizi cha barabarani aliniuliza kwa upole kama nimekunywa.

Barabara iliishia kwenye tope, chini ya kilima; nyumba za bondeni zilionekana mapaa tu. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake watu wakashuka na madumu, wakapanga foleni. Maji yaliyowazunguka yalikuwa yamebeba vyoo na mizoga, na kwa siku tatu hawakuwa wameonja maji safi.

Nikafungua koki. Nakiri, kwa dakika chache nilijiona mtu wa maana.

Macho yangu yalikuwa yakimtafuta dada kwenye foleni. Fomu ya mapokezi ilitaka saini ya katibu, kwa hiyo nikamuuliza mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mtu mzima asiyenifahamu, katibu wao yuko wapi.

Akanyoosha kidole kuelekea mtoni.

"Alihamia korongoni," akasema. "Tulimkataza. Akasema dereva ni ndugu yake, na amemwambia boza halipandi huku juu. Alitaka alipokee, awapange watu, wasije wakakanyagana. Maji yalimkuta mchana, jua linawaka, hapa kwetu hata tone halijadondoka."

Nikamuuliza kuhusu watoto.

"Mdogo alikuwa naye. Mkubwa alikuwa amepanda huku kuazima jembe."

Nikakaa chini kwenye tope nikalia mbele za watu. Koki ilikuwa wazi, mtu mwingine akaja kuifunga.

Saini kwenye fomu ile ni ya mpwa wangu. Ana miaka kumi na mitatu. Nilirudi naye kwenye gari.

Usiku huo mke wangu alisogeza kitanda, akatandika godoro karibu na binti zetu. Nafasi ikatosha. Ingetosha hata wangekuja wote watatu.

Ombi la mafuriko la kijiji kile bado liko ofisini. Serikali tuidai hiyo haraka yake, ni haki yetu. Lakini ndugu yako akikuomba pa kulala, usimwambie asubiri msaada. Mwambie aje.