Sindano ya Despoula

Despoula alishona mapazia katika duka moja la Brunswick, Melbourne, tangu alipomaliza shule. Kaka yake, Pavlos, aliishi kwa kuongezewa damu hospitalini hadi thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, ilipomchukua akiwa kijana. Despoula mwenyewe alibeba ugonjwa huo bila kuugua.

Alipotunga mimba karibu na miaka arobaini, baada ya mbili kuharibika, mkunga alimweleza kwamba mtoto akirithi kwa wazazi wote wawili ataugua. Kulikuwa na kipimo cha mapema: sindano nyembamba hupita tumboni na kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma. Mara chache, mimba hutoka kwa sababu yake. Kwa hiyo kwanza mumewe apimwe damu. Kama yeye haubebi ugonjwa huo, sindano haina kazi.

Kyriakos, mumewe, akakataa. Mama yake, Chrystalla, alimlea kwa dengu na vidonge vya kuongeza damu, kama alivyolelewa yeye kule Cyprus.

"Sisi tuna upungufu wa damu tu," mama mkwe akamwambia Despoula. "Huo ugonjwa ni wa kwenu, mwanangu."

"Vidonge mmemeza miaka yote, mama, na damu bado haijatosha?" Despoula akauliza.

Kyriakos akacheka, kisha akaona mkewe hacheki. Kesho yake akaenda kupimwa. Naye aliubeba ugonjwa huo.

Kyriakos alitaka waache sindano, waombe Mungu. Aliogopa kuipoteza mimba ya tatu. Mkunga naye alisema hakuna atakayewalazimisha, kwani mtoto anaweza kupimwa akishazaliwa.

"Mimi naogopa kuliko wewe," Despoula akamwambia mumewe. "Lakini nimeshika mkono wa Pavlos akichomwa sindano tangu nikiwa mdogo. Nataka kujua mapema."

Baada ya sindano alitokwa na damu kidogo. Alilala nyumbani bila kuthubutu kugeuka, mama mkwe akipika na kufua, hadi damu ikakatika.

Kisha simu ikaja: mtoto ameubeba ugonjwa kama wazazi wake, lakini hataugua. Kyriakos akakaa chini sakafuni. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Na kama jibu lingekuwa lile lingine, ungefanyaje na mimba hii?"

"Sijui," Despoula akasema, akifuta macho. "Usiniulize tena."